Paja la Nguruwe Juu ya Meko

Sikuwahi kumwona baba yangu akilia kwa ajili ya mtu. Kwa ajili ya jibini nilimwona. Tulikuwa kwenye duka la Mgoa mmoja mjini Tanga, kwenye barabara ya kuteremkia bandarini, naye ameshika kipande kilichofungwa kwa karatasi ya mafuta, anakinusa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye masharubu. Mwenye duka akajitia kupanga mikebe ambayo ilikwisha kupangwa. Mimi, mtoto wa miaka saba au minane, nikaona haya kwa niaba yake. Kisha akakirudisha kile kipande mahali pake, maana bei yake ilikuwa si ya mtu wa mshahara wake, tukatoka na chumvi na kiberiti.

Siku ile nilimhurumia. Leo nikikumbuka damu inanichemka, kwa sababu najua mama yangu alikuwa wapi saa hiyo. Alikuwa nyumbani anamfulia suruali zake za girisi, na yeye ndiye aliyekuwa na jambo la kulilia.

Baba alikuwa Mtaliano. Vita vilimleta Afrika akiwa askari, akatekwa, na vita vilipokwisha wenzake wengi wakarudi kwao. Yeye akabaki, akapata kazi ya ufundi kwenye shamba la mkonge karibu na Muheza. Kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge tulikiita korona, na mashine zote za mle zilikuwa chini yake. Mama alikuwa Mbondei, Mkatoliki, ila alilelewa Pangani na shangazi yake aliyekuwa akikausha papa na kuuza. Tulikaa watatu katika nyumba ya matofali pembeni mwa kambi ya wakata mkonge, na baba na mama hawakuwa wamefunga ndoa.

Siku hizi watu husema, aa, ndoa ni karatasi tu. Waseme wao. Kanisani kwetu mama hakuruhusiwa kupokea komunyo, kwa kuwa alikaa na mwanamume asiye mume wake. Alikaa benchi la mwisho kabisa, kwenye ukuta wa nyuma, upande wa njia. Wakati wa komunyo ulipofika, wanawake waliokaa naye waliinuka kwenda mbele, naye akavuta magoti pembeni ili wapite. Wakirudi, anavuta magoti tena. Hakuna aliyemtukana, lakini kila Jumapili niliyaona yale magoti na nikajua kwamba sisi tulikuwa watu wa kupitwa. Baba hakuwahi kuyaona, maana Jumapili asubuhi yeye alikuwa amelala.

Ahadi ya ndoa ilikuwapo. Nisimsingizie. Aliitoa mbele ya mjomba, kaka mkubwa wa mama, aliyelima huko juu njia ya Amani. Mjomba alishuka mara ya kwanza nikiwa bado nabebwa mgongoni, akauliza lini. Akashuka tena nikiwa natembea, akauliza lini. Baba akamjibu kwa Kiswahili chake cha kwenye mashine:

"Shemeji, mimi nataka harusi ya kweli. Rafiki yangu yote nakuja. Kwetu harusi bila salami, bila paja ya nguruwe, bila jibini, hii hapana harusi. Hii mazishi. Mimi napa watu nini? Ugali?"

"Watu wamekula ugali wakaoana," mjomba akasema.

"Ngoja kidogo. Dukani bei kali sana. Mimi natafuta mahali ya rahisi."

Mjomba alipokuwa anapanda lori la kurudi Amani akamwambia mama, "Dada, mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Mama akacheka kidogo, akasema bwana ana desturi za kwao na kila mtu ana desturi za kwao. Alikuwa sahihi, na ndiyo ilikuwa bahati mbaya yake. Kwetu sisi karamu ni neno zito. Mtu akikwambia hawezi kuoa mpaka meza ijae, hukai ukamshuku, unatafuta cha kuijaza meza. Mama alielewa kwamba ameonyeshwa kazi ya kufanya, naye kazi hakuwahi kuikimbia.

Na kweli baba alitafuta. Walitafuta wote, hao Wataliano wachache waliotapakaa kwenye mashamba ya mkonge, na mmoja mhandisi aliyekaa Raskazone kwenye nyumba inayotazama bahari. Jumapili jioni walikutana barazani kwetu na mazungumzo yao yote yalikuwa tumbo. Kuna mpishi wa meli anauza soseji kwa siri. Kuna Mgiriki Korogwe anatengeneza jibini ya mbuzi, lakini ina chumvi mno. Kuna mzigo umefika Pangani. Siku hiyo ya mzigo wa Pangani baba alinichukua, tukaenda mpaka kwenye kivuko, tukavuka mto, tukamkuta mtu mwenye mkebe mmoja uliovimba kama tumbo la chura. Baba akaununua. Tulipoufungua nyumbani mbwa walikimbia.

Mimi nilielewa walichosema, maana baba alisema nami kwa lugha yao tangu nizaliwe, na lugha hiyo mama hakuijua. Kwa hiyo nilikaa pale na sinia la machungwa, nikawasikia wakisema kwamba nchi hii haina cha kula. Muheza hiyo! Machungwa yanaoza chini kwa kukosa wa kuyala! Walisema hayo huku wanamenya machungwa yetu, na samaki wa kukaanga wa mama wamekwisha wamebaki miiba. Mpaka leo mtu akija kwangu akasema hakuna cha kula, namwonyesha mlango.

Mwishowe baba akaamua kutengeneza mwenyewe. Kambini kulikuwa na familia za Wakatoliki waliotoka kusini kuja kukata mkonge, nao walifuga nguruwe nyuma ya vibanda vyao. Akanunua mmoja, akamchinja, akapaka nyama chumvi na pilipili manga na vitunguu saumu, nyingine akaijaza ndani ya utumbo iwe ile salami, akavitundika vyote kwenye stoo na kufunga dirisha nzi wasiingie. Ilikuwa masika. Kila mtu wa pwani anajua masika inavyofanya hata viatu vya ngozi vikaota ukungu chini ya kitanda. Baada ya wiki chache stoo ilinuka mpaka korona. Baba akapiga mateke mlango, akasema nchi hii inaozesha kila kitu, akamgeukia mama akasema yeye ndiye aliyefungua dirisha. Mama hakulifungua dirisha. Alichukua jembe, akachimba shimo nyuma ya choo, akazika nguruwe mzima peke yake, kwa kuwa baba alikuwa amekwenda Raskazone kupunguza hasira.

Yeye alikwenda kupunguza hasira! Nani alimwuliza mama hasira zake anazipunguzia wapi?

Mama alingoja masika ipite, akangoja hata vuli. Kaskazi ilipoanza kupuliza na hewa ikawa kavu, akaomba paja la nguruwe kwa wale Wakatoliki wa kusini, akalifanyia alivyofundishwa na shangazi yake kumfanyia papa. Alilipaka chumvi ya mawe iliyotoka pwani, akalilaza kwenye beseni, akaweka jiwe la kusagia juu yake. Maji yakitoka anayamwaga, anapaka tena. Lilipoacha kutoa maji akalipanguza, akalifunga kamba, akalipandisha kwenye uchaga wa juu ya meko, pale anapoweka mahindi ya mbegu ili moshi uyalinde na wadudu. Chini akawa anachoma makumbi ya nazi na kuni za mchungwa, moshi tu, mwali haukuruhusiwa. Miezi ilipita paja likiwa pale, linakuwa jeusi, na sisi sote tukinuka moshi wa mchungwa, shuleni wakiniita nyama ya kubanika.

Hilo paja lilitugharimu jirani. Mbele ya nyumba yetu alikaa mwanamke wa Kidigo, mke wa dereva wa lori la shamba, Mwislamu, rafiki wa mama kupita ndugu. Kinu kilikuwa chake na kilishinda kwetu. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa yetu na ilishinda kwake. Siku paja lilipopanda uchagani alikuja akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Mwenzangu, hilo linaloning'inia ndilo?"

"Ndilo, shoga."

"Basi kinu changu n'nakichukua. Usinione mbaya."

"Sikuoni mbaya. Ni dini yako."

"Ni la nini lakini?"

"Ni la harusi," mama akasema.

Yule mwanamke akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Mwenyezi Mungu akutimizie," akabeba kinu chake akaenda. Tangu siku hiyo hakunywa hata maji kwetu. Walizungumza kila mmoja uani kwake, kwa sauti, mchanga wa njia ukiwa katikati. Mama akawa anatwanga kwenye kinu cha kuazima cha huko kambini, mwendo mrefu, na kurudi na ungo kichwani.

Basi paja likashushwa. Baba akalikata kwa kisu chake, kipande chembamba cha kuona mwanga upande wa pili, akakitia kinywani, akafumba macho. Akasema kule kwao, upande wa kaskazini kwenye milima, kuna watu wanaotia nyama moshi namna ile ile. Akaliinua paja, akalikumbatia, akalibusu. Mama alikuwa amesimama hapo hapo, mikono ina masizi mpaka kwenye viwiko, na yeye hakukumbatiwa. Nilikuwapo. Nililiona jambo hilo likipita, na sikujua kwamba nitakaa nalo maisha yangu yote.

Jumapili iliyofuata aliwapa wenzake. Wakapiga makelele, wakaapa kwa watakatifu, wakauliza ameipata wapi na kwa bei gani. Baba akasema, kwa Kitaliano, "Kuna mapadri huko milimani, nimejuana nao. Msiulize sana." Wakaanza kuagiza. Mama akatia chumvi mapaja mengine, na baba akayapeleka Raskazone na kwenye mashamba kama vitu vya mapadri. Nikamfuata mama jikoni nikamwambia, "Mama, baba anasema wanaotengeneza ni mapadri."

Mama alikuwa anapuliza moto. Akasema, "Waache wale. Meza ndiyo inayojaa hivyo."

"Lakini ni wewe."

"Siku ya siku watajua ni mimi."

Meza haikujaa bado, bila shaka. Paja limepatikana, sasa ikawa jibini. Baba akasema jibini ya kweli si maziwa mgando, inataka tumbo la ndama la kugandishia, inataka ubaridi, inataka miezi, kwa hiyo haiwezekani, kwa hiyo tungoje. Mama akasema mwee, akacheka, akaenda kuanza. Maziwa aliyapata kwa Wakwavi waliochunga upande wa Handeni, yakaja na lori la yule dereva. Tumbo la ndama alilipata buchani Muheza. Maziwa yakagandishwa, yakakamuliwa ndani ya kifumbu kama tui, yakawekewa jiwe lile lile la kusagia. Kwa joto la kwetu mabonge ya kwanza yaliharibika, akayatupa, akaanza upya. Mabonge yaliyofuata aliyafunga kwa majani ya mgomba akampelekea mjomba huko Amani, kwenye ukungu na baridi, ayaweke juu ya ubao na kuyageuza kila asubuhi. Mjomba hakumpenda baba hata kidogo, lakini aliyageuza, kwa ajili ya dada yake. Yaliposhuka yalikuwa na ganda gumu lenye alama za ukili wa kifumbu. Baba akala, akakata kipande kingine. Sababu zilikuwa zimemwishia.

Kwaresima ikaingia, na katika Kwaresima Wakatoliki hawaoani. Siku moja baba alimaliza kula akamwambia mama, "Jumapili baada ya Pasaka, tengeneza meza. Watu yote nakuja. Toa kila kitu."

Mama akaacha kukusanya sahani. "Kaka yangu nimwite?"

"Ita."

"Na padri?"

"Padri nakuja."

"Utatamka mbele ya watu?"

"Siku ile mimi nasema mbele ya watu yote," baba akasema.

Nimeyapima maneno hayo miaka yote hii. Hakuna hata moja la uongo. Padri alikuja, watu walikuja, na alisema mbele yao. Mwongo ningeweza labda kumsamehe, kwa sababu mwongo anaionea haya kweli, ndiyo maana anaificha. Yeye hakuficha. Alimwacha mama aamini, kwa kuwa mama akiamini atapika vizuri.

Kwetu mwanamume akishatamka mbele ya ndugu wa mwanamke na padri akasikia, matangazo ya ndoa yanaanza kusomwa kanisani Jumapili inayofuata. Hilo kambi nzima ililijua. Wanawake wakaja kukandika jiko letu upya. Mama akanunua doti ya kanga akaiweka bila kuivaa. Hata jirani yetu Mdigo akavuka ule mchanga, akasimama kwenye kizingiti, akasema, "Mwenzangu, kwenye shughuli yako s'wezi kukosa. Wali n'tapika mimi, kwangu, kwa sufuria yangu. Watu watapakuliwa kwenye majani ya mgomba, ili chombo changu kisifike huko. Umeridhia?" Mama akamshika mikono.

Mjomba alishuka na mabonge ya mwisho ya jibini, amevaa koti la sufi kwenye joto lile. Nikamwambia shikamoo, akasema marahaba, akaniuliza kama nimefurahi. Nikamwambia nimefurahi sana. Magari ya Wataliano yakaja moja moja, ya mashambani na la Raskazone, na padri wa kanisa letu akashuka kwenye mojawapo, Mtaliano mwenzao. Meza ilikuwa barazani. Mapaja mawili yamekatwa vipande vyembamba vimepangwa, jibini imepasuliwa, zeituni za mkebe, mkate wa mama, mvinyo. Paja la tatu, kubwa kuliko yote, lilibaki uchagani. Hilo mama aliliweka kwa ajili ya harusi yenyewe. Wanawake wa kambi walikaa uani kwenye mikeka, wakingoja, na mama akasimama mlangoni na kanga yake mpya, mjomba kando yake.

Baba akainuka na glasi. Akasema kwa Kitaliano. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti chake, nimeshika sahani.

Alisema kwamba mkataba wake umekwisha. Kwamba meli inaondoka Mombasa wiki ile inayoanza. Kwamba anawashukuru rafiki zake kwa miaka yote, na kwamba bila Jumapili zao angekwisha kuwa kichaa. Akasema atakwenda na paja moja, alibebe mwenyewe mpaka kwao, ili watu wa nyumbani waamini kwamba hata huku mtu aliweza kula. Wakacheka. Wakainuka, wakampigia makofi, wakamkumbatia mmoja mmoja, mhandisi wa Raskazone akimbusu mashavu yote mawili.

Na wanawake wa uani, walipoona makofi na kukumbatiana, wakapiga vigelegele.

Vile vigelegele ninavisikia mpaka leo. Vilianzia mkekani vikazunguka nyumba nzima, na mama akajifunika uso kwa upande wa kanga huku anacheka. Mjomba akajifunga vifungo vya koti, akapiga hatua mbele, akakohoa. "Ndugu zangu," akaanza, "sisi upande wa mke tumesikia, na tumepokea. Shemeji yangu..."

Padri alijua lugha zote mbili. Nilimtazama yeye kwanza, kwa sababu yeye ndiye mtu mzima aliyeweza kusema. Aliinamisha macho kwenye sahani, akakata kipande cha jibini.

Nikaweka sahani chini, nikaenda nikamvuta mjomba koti. Nikasema, "Mjomba, nyamaza." Mtoto hamwambii mjomba wake nyamaza. Akaniinamia kunikaripia, na mama akaondoa kanga usoni.

"Mama, hajatamka. Anaondoka. Anakwenda kwao na meli."

"Anakwenda na kurudi?"

"Anakwenda."

Mama akauliza taratibu, "Na sisi amesemaje?"

"Hakututaja, mama."

Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea kule nyuma, kwa wale ambao hawajajua. Mjomba alisimama na mkono wake umeinuliwa kwa ajili ya hotuba. Baba alitutazama mara moja tu, kisha akamgeukia mtu wa kumjazia glasi. Natamani niseme kwamba mtu fulani pale mezani aliinuka. Hakuna aliyeinuka. Nyama ilikuwa nzuri.

Jirani yetu ndiye aliyetoka uani kwake, jasho linamtoka, mwiko mkononi. Alikuwa ameelewa kwa kututazama tu. Akasimama katikati ya njia akasema kwa sauti ya chini, "Dada, watu wamekuja. Wali umeiva. Watakula na nini?"

Mama akamtazama. Kisha akaingia jikoni.

Alipanda juu ya kigoda, akakata kamba, akalishusha lile paja la tatu. Lilikuwa limekaa juu ya moshi zaidi ya mwaka. Akalilaza kwenye gogo la kupasulia kuni, akachukua panga, akalikatakata na mfupa wake, vipande vya kawaida, vya mchuzi. Akavitupa kwenye sufuria ya maji kutoa chumvi, akamwaga, akatia maji mengine. Vitunguu. Nyanya. Mimi nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi bila kuambiwa. Hakulia. Wanawake waliingia mmoja mmoja, wamekwisha kuambiana, wakashika hiki na kile, kama inavyofanywa palipofiwa.

Harufu ndiyo iliyomleta baba. Alikuja mbio, leso bado shingoni, akaona uchaga mtupu juu ya meko, akaona sufuria inachemka na tui juu. Akashika kichwa.

"Hapana! Hapana pika! Ile hapana pika! Ile ya mimi kwenda nayo!"

Akapiga magoti mbele ya meko, na nikamwona analia tena, kwa kwikwi, kama siku ile kwa Mgoa, kuliko siku ile kwa Mgoa. Akatia mkono ndani ya sufuria kutoa kipande, akaungua, akakiachia.

Mama alikuwa anakoroga. Akasema, "Bwana, kwetu nyama hupikwa."

Akapakua. Wali wa jirani uliletwa kwenye majani ya mgomba, na mchuzi ukamwagwa juu yake, na watu wakala: wanawake wa kambi, wale Wakatoliki wa kusini waliotoa nguruwe, mjomba na koti lake. Ulikuwa na chumvi kali na ladha ya moshi, na tui likaupoza. Jirani hakula, alikaa karibu na mama, upande wa upepo, wakagusana mabega. Mwanamke mmoja aliuliza kwa kunong'ona kama hii ndiyo karamu yenyewe. Mama akamsikia. "Ndiyo hii," akasema. "Kuleni, mshibe." Nikala majani mawili.

Wataliano waliondoka kabla jua halijazama. Baba akaondoka siku iliyofuata na sanduku moja. Aliniaga kwa lugha yake, akaniambia niwe msichana mwema, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili ili nione kama ataelewa. Hatukusikia neno lake tena. Mama aliubomoa ule uchaga akauchoma. Jirani akaja na ndoo ya udongo safi na maji, akasugua jiko letu pamoja na mama kama dini yake inavyotaka, mara saba, akihesabu kwa sauti, na walipomaliza akavuka njia akarudi na kinu chake, akakiweka mahali pake pa zamani.

Jumapili tulikwenda kanisani. Baada ya misa padri alimwita mama pembeni, padri yule yule, akamwambia kwa upole kwamba sasa kizuizi kimeondoka. Kwa kuwa yule bwana hayupo tena nyumbani, anaweza kuungama na kupokea komunyo kama wengine. Alisema kama mtu anayeleta zawadi. Nilisimama hapo nimeshika kanga ya mama, na nilitaka kumng'ata.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Padri," akasema, "siku ile ulikula, ukasikia, ukanyamaza. Nani anaungama kwanza?"

Jumapili iliyofuata mama alivaa ile doti ya kanga mpya, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la mwisho ukutani, akakaa. Wakati wa komunyo ulipofika, wanawake wakainuka kwenda mbele. Mama hakuvuta magoti. Wakamtazama, wakangoja kidogo, kisha wakazunguka upande wa pili.